Maswali ya Wasomaji: Ukurasa wa Linki Bila Kulipia

Barua nyingi za safari hii zinahusu kile kiukurasa kinachofunguka mtu akigusa linki ya kwenye bayo (yale maelezo mafupi ya wasifu), chenye vitufe vya WhatsApp, Instagram, TikTok na kwingineko. Tumechagua saba.

Nasuka nywele. Wateja wananiona Instagram, lakini kila mmoja anaanza kwa kuuliza namba, bei na mahali nilipo. Nimeambiwa nifungue ukurasa wa linki, ila sina hela ya kulipia kila mwezi. Nianzie wapi?
*Msusi, Morogoro*

Dada, kabla ya kufungua chochote, hesabu linki zako. Tangu Aprili 2023 Instagram inaruhusu linki hadi tano kwenye bayo: ingia mahali pa kuhariri wasifu, gusa Viungo, ongeza kimoja kimoja. Kama unazo mbili tu, ya WhatsApp na ya ramani, hapo hapo panakutosha. Kasoro ni moja: ukiweka zaidi ya moja, mgeni anaiona ya kwanza tu, nyingine zimejificha mpaka aguse. Kwa hiyo ya WhatsApp itangulie.

Ukurasa wa pembeni unakuwa na maana pale unapotaka anwani moja itumike Instagram, TikTok, Facebook na kwenye kadi ya biashara. Bei ikipanda, unarekebisha mahali pamoja na habari imekwisha. Linktree, iliyoanzia Melbourne, Australia, mwaka 2016, ndiyo inayojulikana zaidi, na mpango wake wa bure haukubani idadi ya linki. Jisajili kwa barua pepe, chagua jina, kisha uchague mpango wa bure. Hapo angalia vizuri: mipango ya kulipia ndiyo inayotangulizwa. Ukiona unaombwa namba ya kadi ya benki, jua umepotea njia, rudi nyuma.

Ukitaka ukurasa wenye sura yako, wenye picha za misuko na orodha ya bei, jaribu Carrd. Akaunti ya bure inakupa kurasa tatu, anwani inaishia na .carrd.co, na chini panabaki tangazo dogo la Carrd wenyewe. Fomu ya kujaza haimo kwenye bure, lakini msusi mwenye WhatsApp fomu ya nini?

Jina liwe lile lile la Instagram. Ukilibadilisha baadaye, linki ulizokwisha kuzigawa hazitamfikisha mtu kwako, na zile kadi ulizochapa ni za kuwashia jiko.

Nimeweka linki ya WhatsApp kwenye ukurasa wangu. Mimi nikiigusa naambiwa namba hiyo haipo WhatsApp, na hali naitumia kila siku. Kosa liko wapi?
*Muuza viatu, Kariakoo*

Tunabashiri umeandika sifuri. Hili ndilo kosa tunalokutana nalo kuliko mengine yote.

Linki inaandikwa hivi: https://wa.me/2557XXXXXXXX. Baada ya mkwaju (/) wa mwisho ni tarakimu tupu. Hakuna alama ya kujumlisha, hakuna nafasi, hakuna vistari, na ile sifuri ya mwanzo wa namba inaondoka kwa sababu msimbo wa nchi umeshika nafasi yake. Anayepiga kutoka ndani ya nchi anaanza na 07, anayeandika linki anaanza na 2557. Ukiandika 25507 umetengeneza namba ambayo haipo duniani, na WhatsApp inakwambia ukweli. Namba ya simu ya mkononi ya Tanzania, Kenya (254) au Kongo (243) ikikamilika ina tarakimu 12. Ya Oman (968) ina 11. Zihesabu kwa kidole.

Ukishapata linki inayofunguka, iongezee ujumbe wa kuanzia ili mteja asikae akiwaza aandike nini: https://wa.me/2557XXXXXXXX?text=Habari%2C%20naulizia%20viatu. Ile %20 ni nafasi kati ya maneno, na %2C ni mkato. Ukiacha nafasi za kawaida, programu nyingine zinaikata linki kwenye neno la kwanza, na mteja anatuma "Habari," peke yake.

Halafu ijaribu kwa simu ya mtu mwingine. Kujitumia mwenyewe si jaribio.

TikTok yangu haina kabisa sehemu ya kuweka linki. Wenzangu wanayo. Nimefungiwa?
*Mpishi wa keki, Mwanza*

Hujafungiwa. Kwa akaunti ya kawaida TikTok huwa haifungui nafasi ya linki mpaka ufikishe wafuasi 1,000. Kuiandika anwani kama maneno ya kawaida ndani ya bayo hakusaidii, kwa sababu haiguswi, mtu inabidi aikariri na kuichapa mwenyewe. Kama ni hivyo, mwandikie kitu kifupi cha kukariri: jina lako la Instagram, na linki iwe huko. Maelezo ya chini ya picha za Instagram nayo hayaguswi, usipoteze linki hapo. Stori ndiyo inayokubali: tangu Oktoba 2021 kibandiko cha linki kiko wazi kwa kila mtu, wakati zamani ilikuwa lazima uwe na wafuasi 10,000 au akaunti iliyothibitishwa.

Ukurasa wangu una linki 14 na watu wanaufungua, ila hawagusi kitu. Nibadilishe rangi?
*Mwenye duka la vitenge, Arusha*

Rangi haina hatia. Linki 14 kwenye simu ni kushuka skrini mbili au tatu, na mteja mwenye bando la kupimia hashuki. Bakiza tano. Ya juu kabisa iwe ile inayokuingizia hela, na kitufe kisiandikwe "WhatsApp" bali jambo ambalo mteja anataka kufanya: "Agiza kitenge kwa WhatsApp", "Ona mzigo mpya", "Ramani ya dukani". Akaunti ya Facebook ambayo hujaigusa kwa mwaka mzima iondoe. Mtu akiikuta anadhani duka limefungwa.

Wakati unapunguza, safisha na mikia. Linki ukiinakili kutoka kitufe cha kushiriki cha Instagram inakuja na ?igsh= na herufi nyingi nyuma yake, ya YouTube inakuja na ?si=. Hizo ni alama za kufuatilia nani kashiriki nini. Futa kuanzia alama ya kuuliza hadi mwisho, linki itafunguka vile vile. Isipokuwa ile ya wa.me yenye ujumbe, na zile za video za YouTube zenye watch?v=. Hapo kilicho nyuma ya alama ya kuuliza ndicho chenyewe.

Sitaki jina la kampuni ya mtu kwenye ukurasa wangu. Nimetengeneza wa kwangu GitHub kwa HTML, ile lugha ya kuandikia kurasa za tovuti. Unafunguka, lakini kila linki nikiigusa inaleta 404, yaani ukurasa haupatikani. Natumia simu tu, sina kompyuta.
*Mwanafunzi, Mombasa*

Njia nzuri hiyo, na kwa simu inawezekana. Kwa wanaoanza: fungua akaunti GitHub, tovuti ya kuhifadhi faili za programu na kurasa, tengeneza hazina ya wazi (public repository, yaani folda la mradi) iitwayo jinalako.github.io, yaani jina la akaunti herufi kwa herufi, weka ndani yake faili moja iitwayo index.html, uhifadhi, kisha subiri. Mabadiliko yanaweza kuchukua hadi dakika 10 kuonekana, kwa hiyo usianze kufuta na kuandika upya baada ya dakika mbili. Usipoona kitu, nenda Settings, kisha Pages, uhakikishe tawi (branch) lililochaguliwa ni main.

Sasa 404 yako. Sababu ni mbili, na zinaonekana kwenye upau wa anwani baada ya kugusa linki. Ukisoma jinalako.github.io/instagram.com/jinalako, basi uliandika href="instagram.com/jinalako" bila https:// mbele. Kivinjari kikikosa https:// kinadhani unaitaja faili iliyo ndani ya ukurasa wako mwenyewe, kinaitafuta, hakiioni. Ukisoma anwani yenye %E2%80%9C katikati, basi ni alama za kunukuu. Kibodi na programu za kuandikia za simu hupenda kugeuza alama zilizonyooka kuwa zile zilizopinda, na kwa HTML zilizopinda si alama za kunukuu, ni herufi tu. Mstari sahihi ni huu:

`<a href="https://www.instagram.com/jinalako/">Ona kazi zangu</a>`

Andika moja kwa moja kwenye kisanduku cha GitHub, na uzime alama zilizopinda kwenye mipangilio ya kibodi. Angalia pia @: TikTok na YouTube zinaihitaji kwenye anwani (tiktok.com/@jinalako), Instagram haiitaki.

Kama maandishi yanaonekana madogo kama ya kwenye paketi ya dawa, umesahau mstari huu ndani ya head, ile sehemu ya mwanzo ya faili:

`<meta name="viewport" content="width=device-width, initial-scale=1">`

Bila huo simu inajifanya skrini pana ya kompyuta, kisha inaubana ukurasa wote uingie kiganjani.

Picha isipotokea, linganisha jina: Picha.JPG na picha.jpg kwa GitHub ni faili mbili tofauti.

Mawili ya tahadhari. Hazina ya wazi inasomwa na yeyote, pamoja na historia yake, kwa hiyo namba uliyoiweka jana na kuifuta leo bado inaonekana kwa anayejua kutazama. Na masharti ya GitHub hayaruhusu huduma hiyo itumike kama seva ya bure ya kuendeshea duka la mtandaoni. Ukurasa wako binafsi wa linki hauna tatizo. Siku utakapotaka kuuza na kupokea malipo hapo, hama.

Hoja yako ya kutotegemea kampuni moja ina msingi. Desemba 2022 Twitter ilipiga marufuku linki za Linktree na huduma nyingine, ikaondoa katazo karibu mara moja, lakini waliokuwa na anwani zao hawakuguswa.

Nina fomu ya Google ya kuandikisha wanafunzi wa Kiswahili walioko Muscat. Wakiifungua kutoka Instagram wanadaiwa kuingia kwenye akaunti, na wengine wanakataliwa kabisa.
*Mwalimu, Zanzibar*

Mwalimu, Instagram haifungui linki kwenye kivinjari cha simu, inafungulia ndani yake yenyewe. Kivinjari hicho cha ndani hakijui kwamba mtu ameshaingia Google kwenye Chrome, na Google nayo inakataa watu kuingia kwenye akaunti kupitia vivinjari vya namna hiyo. Dawa ni kuifanya fomu isidai akaunti. Kwenye mipangilio yake zima kikomo cha jibu moja kwa mtu, na uondoe swali linalomtaka mtu apakie faili, kwa sababu swali hilo moja linalazimisha kuingia hata ukizima mengine yote. Vyeti na picha wakutumie WhatsApp. Wakati unarekebisha, waambie waguse vile vitone vitatu juu ya skrini wachague kufungua kwenye kivinjari.

Nataka kuchapa msimbo wa QR wa ukurasa wangu kwenye bango la genge na kwenye mifuko. Nimeona tovuti zinatengeneza bure. Ni salama?
*Muuza matunda, Tanga*

Tofautisha aina mbili. Msimbo wa kawaida umebeba anwani yako yenyewe ndani ya vile vidoa, na hauwezi kuisha muda. Ule ambao tovuti inakuahidi utaubadilisha baadaye umebeba anwani ya tovuti hiyo, nayo inampeleka mteja kwako kwa hisani yake. Siku za majaribio zikiisha, bango lako linafungua ukurasa wa kudai malipo. Kuutambua ni rahisi: uskani kabla ya kuchapa, usome anwani inayotokea. Ikiwa si yako, usichape.

Kwenye mfuko usishuke chini ya sentimita 2 kwa 2. Kwa bango, gawa umbali wa msomaji kwa kumi: anayesimama mita 2 anahitaji msimbo wa sentimita 20. Acha ukingo mweupe pande zote, upana wa vidoa vinne, na mwambie mchapaji asiweke nembo yake hapo. Rangi nyeusi juu ya nyeupe. Machungwa juu ya njano yanapendeza gengeni, lakini kamera nyingi hazitaona kitu.