Barua kwa mwanangu: Mdogo wako na dawa ya kila asubuhi

Urambo, Tabora

Mwanangu,

Mwangaluka. Ujumbe wako nimeusoma mara mbili, mara ya pili nikiwa mlangoni pa bani, banda letu la kukaushia, maana moto wa tumbaku hauachwi peke yake. Unasema mdogo wako tangu aanze kunywa methadone, dawa ya hospitali ya kumsaidia aachane na heroini, mzee mmoja wa kanisa huko Dar kamwambia bado ni teja, amebadilisha kilevi tu, asisogelee Meza ya Bwana. Unaniuliza: ana dhambi, au anaumwa?

Kwanza nikukumbushe jambo. Ulikuwa darasa la tano, tukachuma majani yakiwa na umande, ukarudi nyumbani unatapika na kizunguzungu juu. Tukadhani malaria. Kumbe ni nikotini, ilikuingia kupitia ngozi. Marobota ya msimu ule ndiyo yaliyowalipia ada, wewe na yeye. Na Jumapili nilikaa benchi la mbele nikiitikia "amina" kwa sauti kubwa kuliko wote mhubiri alipowakemea wavuta bangi. Kwa hiyo sina jiwe la kumrushia mtu.

Hata hivyo, kuanza alikosea, na simfichii. Mama yako, unajua alikolelewa, ana Katekisimu ya Kikatoliki ya 1992. Inasema kutumia dawa za kulevya pasipo sababu ya tiba ni kosa zito, na wanaozitengeneza na kuziuza kwa siri inawahesabu kuwa washiriki wa uovu wenyewe. Sisi Wamoravian hapo hatuna ubishi. Lakini kitabu hichohicho, kurasa za kabla ya hapo, kinakiri kwamba mazoea yanaweza kupunguza lawama ya mtu kwa alilotenda, pengine hata kuifuta.

Mhubiri mmoja aliwahi kutuambia "uchawi" wa Wagalatia 5 kwa Kiyunani ni pharmakeia, neno la ukoo mmoja na dawa, basi teja ni mchawi. Neno ni hilo kweli. Ila Paulo alikuwa na waganga na sumu zao akilini, si kijana anayetetemeka kijiweni Manzese.

Mimi nashika 1 Wakorintho 6:12: "vitu vyote ni halali kwangu, lakini mimi sitatiwa chini ya uwezo wa kitu cho chote." Hapo ndipo ninapopimia. Kete ya kwanza ya heroini, mwenye uamuzi alikuwa mdogo wako. Baadaye, arosto, yale maumivu ya kuikosa, inamkunja alfajiri, anauza hadi viatu vyake (na redio yangu, nilishamsamehe), nani alikuwa anaamua? Ndiye mtu wa Warumi 7, lile baya asilolipenda ndilo alitendalo. Dhambi ilifungua mlango, ugonjwa ukaingia ukajifungia ndani. Usinilazimishe nichague kimoja.

Na hiyo methadone? Muhimbili walianza kuitoa mwaka 2011. Anainywa mbele ya muuguzi, kwa kipimo, inakaa mwilini siku nzima, arosto haiji, sindano inakaa mbali. Sasa anaamka, anaoga, anakwenda kwenye kibarua. Paulo alimwandikia Timotheo atumie mvinyo kidogo kwa ajili ya tumbo lake. Sijasikia mzee wa kanisa aliyemtenga Timotheo. Mwambie mdogo wako asibishane na mzee huyo, aende kwa mchungaji mwenyewe, nawe uende naye. Asikatishe dozi kwa sababu ya maneno ya watu. Wala asichanganye na pombe au vidonge vya usingizi. Hapo pumzi hukatika mtu akiwa amelala.

Nilitaka aje atusaidie kuchambua majani, lakini dawa yake haiwezi kusafiri naye hivihivi. Basi tukishauza, nitapanda treni mimi. Nitaleta asali na karanga. Jumapili nitakaa naye kanisani, benchi la mbele au la nyuma, achague yeye.

Baba yako