Kokoa ikianza kuoza, usikae unasubiri gari la serikali

Mimi nalima kokoa Kyela, na nyie wa huku mnajua mvua yetu ikishaanza haijui kupumzika. Msimu mmoja nikaona doa la kahawia kwenye tunda moja nikasema aah hilo dogo, baada ya siku kadhaa tunda jeusi tii lina unga mweupe kwa juu na wenzake mti mzima nao wameshaanza. Nikaripoti. Nikaambiwa wataalam wanakuja, nikasubiri, na yale matunda nikayaacha yananing'inia palepale ili wayaone 😅. Wamekuja mvua imekata, wakapiga picha, wakasema toa matunda mabovu.

Hilo tu! Kumbe ningelifanya mwenyewe siku ya kwanza. Kwahiyo toa yaliyooza kila wiki, mvua isikuzuie, yafukie mbali na miti, punguza matawi upepo upite, na dawa ya kopa (ya shaba, ya kuzuia ukungu) piga mapema, tunda likishakuwa jeusi unaliosha tu, haliponi.

Ila kuripoti ripoti, tena nenda na daftari la hesabu ya miti yako, na sababu ni hii. Kuna ugonjwa wa kokoa Ghana, huku kwetu hatuna, ni kirusi kinachobebwa na vidung'ata (wadudu wadogo weupe wanaofyonza mti), matawi yanavimba na mti unakufa, dawa hakuna zaidi ya kung'oa. Waligundua 1936. Serikali ya mkoloni ikaanza kukata kwa lazima, mpaka miti ambayo mkulima anaiona nzima ina matunda, watu wakachukia na ile hasira ikawa mojawapo ya mambo yaliyochochea vurugu za 1948. Kwame Nkrumah alivyoingia kuongoza serikali 1951 akasimamisha ukataji wa lazima. Kitaalam kukata ilikuwa sahihi, lakini nani akubali panga kwenye ada za watoto? Miaka ya karibuni COCOBOD, bodi ya kokoa ya Ghana, wanakata, wanapanda upya, na wanamlipa mkulima pamoja na mwenye ardhi, maana mwenye ardhi naye akigoma hakuna kinachoendelea.

Kwahiyo siku ukiambiwa kata, uliza kwanza nani analipa, miche inatoka wapi, na hiyo miaka mitatu ya kusubiri tunda nakula nini. Bila hesabu ya miti yako utakubali chochote. Mimi yangu iko kwenye daftari mstari kwa mstari, yenye historia ya kuoza nimeipaka rangi nyekundu, na kesho asubuhi napita tena na ndoo.