Maswali ya wasomaji: Chembe zinazoikimbia sumaku

SWALI: Ninajifunza kazi ya maabara hapa Goma. Tunatoa RNA (vinasaba) ya virusi kwa chembe za sumaku, yaani punje ndogo mno zinazoishika RNA na kuvutwa na sumaku. Mara nyingi kichupa kikiwa kwenye sumaku maji yanabaki ya kahawia, na tukinyonya kwa pipeti chembe zinaondoka nayo. Tuongeze chembe, au tutafute sumaku kubwa? (Msomaji, Himbi)

JIBU: Hapana kwa yote mawili. Angalia kwanza nafasi kati ya sumaku na ukuta wa kichupa. Kinachovuta chembe si ukali wa uga (eneo la nguvu kuzunguka sumaku) peke yake, ni jinsi uga unavyopungua kutoka hapa hadi pale, na mvuto huo hufifia ndani ya milimita chache. Sumaku ndogo ya neodimiamu iliyogusa plastiki huishinda kubwa iliyokaa mbali. Uso wake nao upanguswe: vumbi jeusi la lava la mji wetu lina magnetiti (madini ya chuma yanayovutwa na sumaku), nayo hujenga ganda linalokisukuma kichupa nje. Ifunike sumaku kwa mkanda wa plastiki. Ukiubandua, vumbi linaondoka nao.

Kisha subiri. Sampuli nyepesi hutaka kama dakika 2, kohozi zito 5 au zaidi. Chembe ya mikromita 1 hutembea polepole karibu mara 8 kuliko ya mikromita 2.8 yenye chuma kwa kiwango kilekile. Nyonya taratibu upande usio na sumaku.

Kabla ya kugawa, tikisa chupa ya chembe kila mara, kwa sababu huzama: usipotikisa, kichupa cha kwanza na cha mwisho havitapata kiasi sawa. Zihifadhi kwenye nyuzi 2 hadi 8, usizigandishe kamwe.

Osha mara mbili kwa ethanoli ya asilimia 80, ondoa hata tone la mwisho, acha wazi dakika 3 hadi 5. Ethanoli ikibaki, PCR (kipimo kinachozidisha nakala za vinasaba) inakwama. Ila kausho likizidi ni hasara vilevile: rundo la chembe likiacha kung'aa, weka maji ya kutolea RNA papo hapo, likipasuka kama tope la kiangazi, RNA haitoki vizuri.

SWALI: Nasikia kazi hii yote inafanyika ndani ya kichipu cha ukubwa wa kadi. Chembe zinapitaje, na zinaonekanaje? (Mwalimu wa fizikia, Bukavu)

JIBU: Katika aina moja nzuri sana ya kichipu, maji hutulia, chembe ndizo zinazosafiri. Vyumba vimetenganishwa kwa mafuta. Sumaku ikiteleza chini yake, chembe hukusanyika bonge, hupenya mafuta zikiwa na RNA, uchafu unabaki nyuma. Tatizo liko mpakani: mvutano wa uso wa maji hulizuia bonge. Chembe zikiwa chache mno halipenyi. Sumaku ikienda mbio, inaliacha. Sabuni kidogo husaidia, nyingi huvusha uchafu.

Na zinaonekanaje? Ili kutambua protini, kingamwili (molekuli inayoishika protini hiyo) moja hubandikwa juu ya kihisio (kifaa kinachohisi sumaku), nyingine hubeba chembe. Protini ikishikwa katikati, chembe inabaki pale. Kihisio kinaweza kutumia badiliko kubwa la ukinzani wa umeme ndani ya uga wa sumaku, lililowapa Albert Fert na Peter Grünberg tuzo ya Nobel mwaka 2007 na kutumika katika kusomea diski za kompyuta. Uga wa chembe hupungua kwa mchemraba wa umbali: umbali ukiongezeka mara 2, uga unabaki sehemu 1 ya 8. Ndiyo maana kifuniko cha kihisio huwa chembamba mno. Damu yenyewe karibu haina usumaku, hivyo haivurugi kipimo kama rangi yake inavyovuruga mwanga.

SWALI: Mabaki ya myeyusho wa kupasulia virusi tuyamwagie javel (dawa ya klorini ya kuua vijidudu)? (Msomaji, Kadutu)

JIBU: Hapana kabisa! Yana guanidini thiosayanati, ambayo ikikutana na javel hutoa gesi zenye sumu. Yakusanye kwenye chombo chake chenye kifuniko, andika kilichomo, na javel ikae mbali na meza hiyo. Yakimwagika, pangusa kwa maji na sabuni kwanza.