Fuwele haziyeyushwi

Swali: Naandika tasnifu kuhusu fuwele nano (chembe ndogo mno zilizopangika) za selulosi, dutu inayojenga kuta za seli za mimea, zinazopatikana katika mabaki ya mkonge. Msimamizi wangu anataka kichwa kianze na "Uchimbaji wa…" Je, ni sahihi?

Jibu: Si sahihi. Kuchimba kunataka shimo. Wewe unatenga kitu na vingine vilivyoshikamana nacho, basi andika "utengaji". Usichanganye pia mkonge na katani: mkonge ni mmea, katani ni nyuzi zake, na jina hilo tumelitoa kwenye Kiarabu, ambako lina maana ya kitani.

Lakini rasimu yako ina kosa kubwa zaidi: "Tindikali huyeyusha selulosi na kutoa fuwele." Sentensi za namna hii nakutana nazo kila mara, na zinanikera kwa sababu zinasema kinyume cha kilichotokea. Koroga sukari kwenye chai: punje huzioni tena, umebaki utamu. Nani huyeyusha sukari ili apate punje za sukari?

Tazama kazi ya mikono yako mwenyewe. Umechemsha nyuzi katika hidroksidi ya sodiamu kuondoa hemiselulosi na sehemu ya lignini, vitu vinavyoshikamana na selulosi kwenye nyuzi, ukazipausha, kisha ukazitia kwenye tindikali ya salfa ya asilimia 64, kwenye joto la sentigredi 45. Tindikali ikapenya pale minyororo ya selulosi ilipokaa ovyo, ikaikata. Palipopangika na kushikamana, pakastahimili. Ndizo fuwele zako hizo: vijiti vyenye upana wa nanomita chache tu na urefu wa mia moja hadi mia tatu hivi. Ndiyo maana uliwahi kumimina maji baridi tele, maana ukichelewa, hata fuwele zinaliwa, na hapo utabaki na glukosi.

Sasa inua chupa yako. Maji yana weupe; hayako angavu kama maji ya sukari. Vijiti vimo vizima, vinaelea, kwa kuwa salfeti, vikundi vilivyotoka kwenye tindikali na kunasa juu yake, zina chaji hasi na zinavifanya visukumane. Na ulipovipima kwa eksirei, kiwango cha ufuwele, yaani sehemu ya selulosi iliyopangika, kilipanda. Kilichoyeyushwa hakipandi ufuwele!

Andika hivi: "Tindikali humeng'enya sehemu za selulosi zisizo na mpangilio na kuacha fuwele." Hiyo "nano" iache ilivyo. Imeshahamia kwenye Kiswahili, na sina nguvu ya kuifukuza.