Kambi au vibanda vya watumwa?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nafasiri maelezo ya maonyesho kuhusu mashamba ya mikarafuu ya Unguja katika karne ya 19. Mahali walipolala watumwa nimepaita "vibanda". Mwenzangu kabadilisha, kaandika "kambi za watumwa". Tena ananiambia "mtumwa" si neno la heshima, bora "mtu aliyefanywa mtumwa". Nimsikilize?

JIBU: Marahaba. Kwenye kambi, usimsikilize. Kambi ni ya watu waliokusanywa mahali pamoja kwa muda: kambi ya jeshi, ya wakimbizi, hata ya timu ya mpira. Mtumwa wa shamba Unguja alikuwa na kibanda cha udongo na makuti humo humo shambani, na kipande cha ardhi alichopewa apande muhogo wake. Kwa desturi alikilima Alhamisi na Ijumaa. Siku tano zilizobaki zilikuwa za bwana. Ukiandika kambi, msomaji ataona bweni lenye mlinzi mlangoni. Sisemi walistarehe. Msimamizi alikuwepo, na chini yake wasaidizi wake, nokoa na kadamu. Vyeo hivyo viandike kama vilivyo, usivigeuze vyote kuwa "wanyapara".

Kipande kile cha muhogo nacho usikiite shamba. Wazee wa Unguja na Pemba huita shamba penye miti, minazi au mikarafuu. Penye muhogo na mtama ni konde. "Shamba la mtumwa" litamfanya mtu adhani mtumwa alivuna karafuu zake.

Kama maonyesho yenu yatagusa na Malindi, kwenye mashamba ya mtama na ufuta, kuna neno ambalo ningesikitika mkiliacha: ngwe. Asili yake ni kamba nyembamba. Kamba ilipima sehemu ya kila mtu kulima, na ile sehemu ikarithi jina la kamba. Mtumwa alipewa ngwe yake, akaimaliza ndipo akapumzika. Leo watangazaji wa mpira wanatuambia ligi imeingia "ngwe ya lala salama", na sidhani kama kuna anayewaza jembe.

Sasa "mtumwa". Limetokana na kutuma, tena katika hali ya kutendwa: huyu anatumwa, yupo anayemtuma. Ubaya wa jambo umo ndani ya neno lenyewe, wala halihitaji kurefushwa. Ila mwenzako ana hoja mahali pamoja. Sentensi kama "watumwa walitekwa bara wakaletwa pwani" ina kosa, kwani waliotekwa hawakuwa watumwa, walikuwa wakulima, wavuvi, watoto wa watu. Andika "watu walitekwa", au waite mateka. Utumwa uanze pale ulipoanza.

Na kwa kuwa hujauliza lakini najua mtafika huko: Mangapwani, pwani ya Unguja kaskazini mwa mji, kuna vitu viwili, na wageni huvichanganya kila siku. Pango ni la asili, la mwamba wa matumbawe, lina maji ndani. Palipofichwa watu, biashara ya watumwa ilipoendelea kwa siri baada ya mkataba wa 1873 ulioipiga marufuku, ni chumba kilichochongwa mwambani kwa mikono na kuezekwa. Hicho kiandikeni "chumba cha watumwa". Pango halikujengwa na mtu.