Mficha maradhi akipanda meli: maswali na majibu

Barua za mwezi huu ni nyingi na nusu yake ni zile zile. Nimechagua zenye jipya, na mbili tatu za zamani nazijibu tena. Naomba safari hii zisomwe mpaka mwisho.

Kaka yetu amemlipia mama safari ya wiki moja kwenye meli kubwa ya kitalii, wanapandia Dubai. Mama ana presha na sukari. Tumeletewa fomu ya afya. Tukijaza ukweli si watamkatalia? (Binti, Kiembesamaki)

Jazeni ukweli, mwanangu. Presha na sukari hazimzuii mtu kupanda meli ya kitalii. Meli hizo zimejaa wazee wa Ulaya na Marekani wenye presha, sukari, moyo na magoti ya chuma, na usiku wa manane bado wako ukumbini wanacheza muziki. Fomu haimtafutii mama yenu sababu ya kubaki nyumbani.

Mkificha, mtapata hasara mara mbili. Ya kwanza ni ya bima: kampuni ikigundua kuwa mgonjwa alikuwa na maradhi na hakuyataja, inayo sababu ya kukataa kulipa, na ndege ya wagonjwa yenye daktari ndani ni mambo ya makumi ya maelfu ya dola. Ya pili ni ya daktari. Nilipokuwa muuguzi melini aliletwa mzee mmoja usiku, jasho linamtiririka, hajui alipo. Mkewe akafungua mkoba akatoa chupa ya vitamini. Ndani vidonge vyeupe vidogo, vyeupe vikubwa, vya manjano, na vya waridi vilivyokatwa nusu, vyote vimetiwa pamoja. Za nini hizi? Hajui. Kameza kipi leo? Hajui. Tukampima sukari, tukaikuta iko chini kabisa, akatiwa glukosi kwenye mshipa, na baada ya muda mfupi mzee akauliza nani kamvua viatu. Sukari ina rehema, inapimika kwa tone moja la damu. Lakini mtu akianguka bafuni akapiga kichwa, na katika vile vidonge kimo cha kuzuia damu kuganda, nani atamwambia daktari?

Basi: dawa zikae kwenye pakiti zake, na pakiti zikae kwenye mkoba wa mkononi. Sanduku kubwa linachukuliwa na wapagazi bandarini na pengine hulioni kabini mpaka jioni. Chukueni za siku kadhaa zaidi ya safari yenyewe, kwa sababu meli nayo huchelewa. Na karatasi moja kwa Kiingereza: maradhi, jina la kitaalamu la kila dawa na kipimo chake, anachodhurika nacho, na simu ya ndugu anayepokea simu usiku. Kama amewahi kupimwa umeme wa moyo, kopi ya kipimo hicho iende naye. Daktari akipata cha zamani cha kulinganisha na kipya anapunguziwa nusu ya kazi.

Mtu akizidiwa baharini kwa nini wasilete helikopta tu? (Wengi mno, Unguja na Pemba)

Nimeshalijibu hili na nitalijibu tena, maana naona filamu zina nguvu kuliko mimi. Helikopta ya uokozi kwa kawaida hufika maili 150 mpaka 200 za bahari kutoka pwani, na lazima ibakize mafuta ya kurudi. Meli iliyo katikati ya Unguja na Shelisheli imeshapita huko mbali. Na hapo ni kwa nchi yenye helikopta ya kazi hiyo, na yenye rubani aliyezoea kuning'inia juu ya sitaha inayopanda na kushuka. Norway wanazo, na wanazijua. Machi 2019 injini za meli ya Viking Sky zilizima kwenye dhoruba karibu na pwani yao, ndani mna watu 1,373. Helikopta zilikwenda na kurudi usiku kucha zikiinua watu mmoja mmoja kwa waya. Waliotolewa hivyo ni 479. Waliobaki waliingia bandari ya Molde kesho yake na meli yao wenyewe.

Kinachotokea hasa ni hiki. Daktari wa meli anamwambia nahodha hali ya mgonjwa. Wanaomba ushauri kwa redio au setilaiti kwa madaktari wa nchi kavu. Kituo cha Roma kiitwacho CIRM kinafanya kazi hiyo bure kwa meli za mataifa yote tangu 1935. Halafu nahodha anageuza meli, au anaongeza mwendo, kuifuata bandari iliyo karibu yenye hospitali ya maana. Mara nyingi mgonjwa hushushwa kwa ngazi hadi kwenye gari la wagonjwa, au kwa boti ndogo meli ikiwa nje ya bandari. Hilo nalo lina lake: bandari iliyo karibu huenda ikawa ya nchi usiyokuwa na viza yake wala ndugu ndani yake, na meli haikungojei. Pasipoti na dawa zifungwe pamoja na mgonjwa. Masanduku yatafuata baadaye.

Na nyinyi vijana wa sitaha mnaonisoma: waya wa helikopta haushikwi kabla haujagusa sitaha au maji, una umeme tuli wa kukubwaga. Na ndoano yake haifungwi kwenye meli hata kwa sekunde moja.

Meli za kitalii zina daktari kweli au ni maneno ya matangazo? (Msomaji, Wete)

Zinaye. Mkataba wa kimataifa wa kazi za mabaharia wa 2006, ule mabaharia wanauita MLC, unataka meli yenye watu 100 au zaidi, inayokwenda safari ya kimataifa ya zaidi ya siku tatu, iwe na daktari. Usichanganye na boti ya Unguja na Pemba. Hiyo haimo katika sharti hilo, na mimi nasikitika kwamba haimo.

Mwezi uliopita baba mmoja alianguka ndani ya boti tukielekea Mkoani. Watu walimzunguka, wakampepea, mwengine akamtia maji mdomoni, mwengine akamsomea. Alifariki. Tungefanya nini? (Mwalimu wa skuli, Mkoani)

Mungu amrehemu. Kusoma dua hakuna ubaya, ila anayesoma awape nafasi wanaofanya kazi. Maji kwa mtu asiyejitambua ni sumu, yanaingia mapafuni.

Mshike mabega, muite kwa sauti. Haitiki, na hapumui, au anavuta pumzi ya kukoroma moja moja kwa mbali? Ile si pumzi, msidanganyike nayo. Mtoeni kwenye kiti mumlaze chali sakafuni. Kiganja katikati ya kifua, kiganja cha pili juu yake, mikono imenyooka, ubonyeze kwenda chini sentimita 5 hadi 6, kwa kasi ya mara 100 hadi 120 kwa dakika. Aliyefundishwa, kila baada ya 30 atoe pumzi mbili za mdomo. Asiyefundishwa abonyeze tu bila kusita. Inachosha, kwa hiyo badilishaneni kila dakika mbili. Mtu mmoja, mmoja tu, akimbie kwa nahodha kuuliza kama kuna mashine ya kushtua moyo, na nahodha aite bandarini kwa redio gari lije lingoje gatini. Mashine hiyo inasema yenyewe cha kufanya. Kila dakika inayopita bila kushtuliwa, nafasi ya mtu kuishi inapungua kwa asilimia 7 hadi 10.

Akiwa anapumua lakini hajitambui, mlaze ubavu na mdomo uelekee chini. Akiwa macho na analalamika kifua kimembana, maumivu yanakwenda mkononi au tayani, mkalishe ameegemea, asitembezwe, na kama hadhuriki na aspirini atafune kidonge cha miligramu 300.

Tangu meli ya Spice Islander, iliyokuwa ikielekea Pemba, ilipozama alfajiri ya Septemba 10, 2011, kila mtu Pemba anajua kuulizia maboya. Nani kati ya mabaharia wa boti hii anajua kubonyeza kifua? Hilo hatujawahi kuliuliza. Tuliulize dirishani, wakati wa kukata tiketi, kwa sauti.

Mke wangu ana mimba ya miezi saba, anataka kwenda kujifungulia kwao Chake. Kusi limeanza. Apande boti? (Mume, Jang'ombe)

Muulize mkunga wake kwanza, si mimi, wala si mama mkwe. Akiruhusu, aende wiki hii kuliko mwezi wa tisa wa mimba, akae katikati ya boti chini ambako hakuyumbi sana, na kadi ya kliniki iwe mkononi. Kama ana presha ya mimba au anatoka damu, asipande kabisa. Mkondo wa Nungwi si mahali pa kukatia kitovu. Meli za kitalii ni kali zaidi: nyingi hazimchukui mama atakayefikisha wiki 24 kabla safari haijaisha. Msivae mabaibui mapana mkadhani mmewashinda akili. Ndani ya meli hakuna chumba cha watoto njiti.

Nafanya usafi wa kabini kwenye meli ya kitalii. Mgongo umeniuma wiki tatu, bosi ananiambia nimeze panadoli nivumilie mpaka mkataba uishe. Naogopa kurudishwa. (Baharia, kwetu Makunduchi)

Nenda zahanati ya melini leo, sio kesho, na hakikisha jina lako limeandikwa. Maumivu yasiyoandikwa hayajatokea. Hivyo ndivyo utakavyoambiwa baadaye. Omba kopi, ipige picha, mtumie mtu wa nyumbani.

Mkataba huo huo wa MLC unakupa matibabu bila kukatwa mshahara, na haki ya kuonwa na daktari wa bandarini pale inapowezekana. Ukishushwa kwa ugonjwa au kuumia kazini, nauli ya kurudi nyumbani ni ya mwenye meli. Matibabu na mshahara vinaweza kuwekewa kikomo na sheria ya nchi ya bendera, yaani nchi meli ilikoandikishwa, lakini kikomo hicho hakiwezi kuwa chini ya wiki 16. Ukibanwa, shirikisho la wafanyakazi wa usafirishaji, ITF, lina wakaguzi katika bandari nyingi.

Lakini lipo la pili, na hili vijana wa Zanzibar hamtaki kulisikia. Mwenye meli anaweza kujitoa kwenye mzigo huo akithibitisha kuwa ugonjwa ulikuwa nao na ukauficha makusudi ulipoajiriwa. Najua mawakala wanaowapeleka vijana kwa "daktari" asiyevua hata shati la mtu, cheti kinatoka kabla chai haijapoa. Cheti cha afya ya baharia kinadumu miaka miwili tu, na cha uongo kinadumu mpaka siku ya kwanza unayougua. Siku hiyo wakala hapokei simu.

Naharisha na kutapika, niko kabini, meli inaondoka Malindi jioni. Nikisema watanifungia. (Kwa ujumbe wa simu)

Watakufungia, ndiyo, mpaka siku moja au mbili baada ya kupona. Sema hivyo hivyo. Kirusi cha noro kinapita meli nzima kwa vishikio vya ngazi na vijiko vya kupakulia, na yale maji ya spiriti ya kupaka mikononi hakiyajali sana. Sabuni na maji. Ungeniandikia mimi baada ya kumpigia muuguzi wa meli, nisingekulaumu.

Muislamu akifia melini atatupwa baharini? (Mzee, Mkunazini)

Hatupwi mtu, babu. Meli kubwa za abiria zina chumba cha baridi cha maiti, na maiti hukaa humo mpaka bandari yenye taratibu za kumpokea. Kuzika baharini, kwa kuoshwa, kukafiniwa na kusaliwa, masheikh wameruhusu pale nchi kavu iko mbali na inahofiwa maiti kuharibika. Penye friji mambo ni mengine, na masheikh muwaulize nyinyi. Langu mimi ni bima: kurudisha maiti ni kifungu peke yake, na wengi hawakisomi.

Mgeni wangu amelipa ile bima ya Zanzibar ya dola 44. Inamtosha na kwenye meli atakayopanda Mombasa wiki ijayo? (Mwenye nyumba ya wageni, Paje)

Hapana. Ile iliyoanza Oktoba 1, 2024 ni ya mgeni akiwa Zanzibar, kwa siku 92. Ya meli akate nyingine, na aangalie kama imetaja kuhamishwa kwa mgonjwa.

Wageni wanazamia Misali asubuhi, kesho yake alfajiri wana ndege. Kuna tatizo? (Kiongozi wa wazamiaji, Pemba)

Wewe ndiye wa kuwaambia wao, sio mimi kukwambia wewe. Aliyezamia mara kadhaa akae angalau saa 18 bila kupanda ndege, na zaidi ni bora. Gesi iliyoingia mwilini huko chini hufanya mapovu mtu akipaa juu. Helikopta nayo ni ndege, kwa hiyo anayeumwa viungo baada ya kuzamia apewe oksijeni, na rubani aambiwe aruke chini chini.

Dawa ya kuchafukwa baharini? (Wengi)

Meza kabla ya kuondoka, ukishatapika umechelewa. Na usile urojo gatini.

Wakala ameniambia nisipokatwa kidole tumbo kwanza sitapata kazi melini. Kweli? (Kijana, Kikwajuni)

Si kweli. Wanaotakiwa hivyo ni watu kama madaktari wa vituo vya Australia huko Antaktika, wanaokaa majira yote ya baridi bila meli wala ndege kufika. Wewe unakwenda kuosha vyombo kwenye meli inayotia nanga kila baada ya siku chache. Kidole tumbo kikiuma, utachomwa dawa za kuua vijidudu na utashushwa bandari inayofuata. Na kama wakala huyo ndiye pia anayeijua hospitali ya kukukata, muulize fungu lake ni kiasi gani.