Kabla ya Kufuta Akaunti Yako ya Facebook

Nilipoamua kufuta akaunti yangu ya Facebook, nilitambua kwamba kubonyeza kitufe cha kufuta ndiyo sehemu nyepesi kuliko zote, kwa kuwa kazi yenyewe hufanyika kabla ya hapo. Kuondoa programu kwenye simu hakufuti chochote. Kuzima akaunti kwa muda nako huficha tu wasifu wako, huku picha na maandishi yako yakibaki yalipo, na Messenger unaweza kuendelea kuitumia. Anayetaka kuondoka moja kwa moja hana budi kuchagua kufuta.

Jambo lililonichukulia muda mwingi, na ambalo nawasihi wenzangu wasilipuuze, ni huduma nyingine zote tunazoziingia kupitia Facebook. Katika mipangilio kuna orodha ya programu na tovuti hizo. Nilipoifungua nilikuta michezo niliyokwisha kuisahau, lakini pia huduma ninayohifadhia nyaraka zangu za kazi, ambayo nisingeweza kuifungua tena kwa urahisi endapo ningetangulia kufuta. Niliingia katika kila moja niliyoihitaji, nikaweka baruapepe na nenosiri, nikatoka, kisha nikajaribu kuingia upya bila Facebook. Jaribio hilo la mwisho ndilo linalokupa uhakika. Vilevile, ikiwa wewe ndiwe msimamizi pekee wa ukurasa wa kikundi au wa biashara, mteue mwenzako mapema, la sivyo ukurasa huo utaondoka pamoja nawe.

Pakua nakala ya taarifa zako kwa ubora wa juu wa picha, na usiendelee mpaka uwe umeifungua kwenye kompyuta na kuona kwamba picha zimo.

Ukishathibitisha kufuta, una siku 30 za kughairi, na zikipita hakuna kurudi. Kuondolewa kwa kila ulichoweka huweza kuchukua hadi siku 90. Katika siku hizo 30 usiingie hata kwa kuchungulia, maana ndipo kishawishi cha kughairi huwa kikubwa. Ujumbe uliowahi kuwatumia watu utabaki kwao hata baada ya wewe kuondoka. Kwa hiyo, kama uliwahi kumtumia mtu nenosiri au picha ya kitambulisho chako, mwombe aifute wakati bado unaweza kumwandikia.